Wifi wa Mchana Mmoja

Katika kanisa letu la mabati kule mtaa wa Raila, Kibera, mama akijifungua hafui nguo kwa wiki sita. Hatujaandika popote, lakini ndivyo ilivyo. Sisi kina mama tunagawana zamu, kila mmoja na siku yake, na siku yako ikifika unabeba kipande cha sabuni na unga wa uji, unaenda kwake, unafua nepi, unapika, unaosha vyombo, unaondoka. Mahubiri hayatakiwi. Hiyo ndiyo sehemu ya Ukristo ninayoiweza. Kuomba kwa sauti mbele ya watu kunanitoa jasho, na nyimbo nazianza juu mno mpaka kwaya inanitazama vibaya, lakini nepi nazifua zikatakata.

Mwenzetu mmoja alikuwa amehamia Kawangware na mumewe. Alipojifungua, wengine kwenye kikundi wakasema sasa yuko mbali, kina mama wa huko watamtunza. Nikauliza ni kina mama gani hao, na mtu hajamaliza hata miezi miwili huko. Mdomo wangu haujui kutulia. Wakanipa zamu ya Jumanne, na nilistahili.

Siku hizo watu walikuwa na wasiwasi. Kwenye simu zetu ilikuwa inazunguka sauti ya mwanamke fulani, anahema kama aliyetoka kukimbia, akisema kuna wanawake wanaiba watoto. Wanavaa vitambaa vya kanisa, alisema, na wanabeba biskuti. Hakuna aliyejua yeye ni nani wala alikuwa mtaa gani. Mimi niliisikiliza mara mbili nikiwa nasonga ugali, nikaituma kwenye kikundi cha kina mama na kuongeza maneno yangu mwenyewe: tuchunge watoto. Kuanzia siku hiyo binti yangu wa miaka sita sikumruhusu kwenda hata dukani, na duka liko mlango wa tatu kutoka kwetu.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa, kwa maana ndilo lililotaka kuniua. Kibera mtoto akipotea, anayemwona hasimami naye mahali pamoja. Anambeba na kumpeleka penye spika. Inaweza kuwa kanisa, lakini mara nyingi ni msikiti, kwa sababu msikiti una spika ya kusikika mbali na una mtu wakati wote. Huko wanatangaza: kuna mtoto wa kike, amevaa fulana nyekundu, mguu mmoja hauna kiatu, mwenyewe aje. Mama anasikia akiwa kwenye foleni ya maji na anakuja mbio. Binti yangu alirudi hivyo alipokuwa na miaka miwili. Mwanamke wa Kinubi ambaye sijawahi kumjua alimbeba kutoka Soko la Toi mpaka msikitini, na nilipofika alikuwa ameshaenda zake. Kwetu, mtu aliyebeba mtoto anayelia njiani anapishwa, watu wanajua anakoelekea. Nilidhani Nairobi yote iko hivyo.

Jumanne hiyo nilitembea kutoka Kibera mapema, nikafika Kawangware, nikafua karai tatu za nguo, nikapika ndengu, nikambeba mtoto mchanga mama yake alale kidogo. Alipoamka alinifungia biskuti kwenye karatasi, nile njiani. Nikamwambia aache, akakataa. Nilitoka kwake yapata saa nane, nimefunga kitambaa changu cheupe cha kikundi kichwani, mikono inanuka sabuni, na nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu kuliko inavyofaa.

Mtoto nilimwona karibu na mtaro, pale bodaboda zinapogeuzia. Msichana wa miaka mitatu hivi, kamasi zimefika mdomoni, analia kilio kile cha mtoto aliyelia muda mrefu na sasa sauti inakatika. Pikipiki moja ilimpita karibu sana mpaka vumbi likamfunika miguu. Nikamvuta kando. Nikamuuliza mama yuko wapi, akaonyesha upande mmoja, kisha upande mwingine. Nikamuuliza mwanamume aliyekuwa anauza miwa kwa mkokoteni, huyu ni wa nani. Akasema hajui, watoto ni wengi. Nikatazama kushoto na kulia nikaona mnara wa msikiti ng'ambo ya barabara, juu ya mapaa. Nikashukuru Mungu. Nikampangusa kamasi kwa upindo wa leso yangu, nikampa biskuti, nikambeba na kuanza kwenda.

Naandika haya na bado nataka kujipiga kofi. Kitambaa cha kanisa, biskuti, mtoto analia, na mimi natembea haraka kuelekea kuvuka barabara. Kama ningekuwa nimepangiwa na yule mwanamke wa kwenye simu nisingefanya sawasawa zaidi.

Nilikuwa sijapiga hatua thelathini niliposikia mwanamke nyuma yangu akisema, "Mama, huyo mtoto ni wako?" Sikugeuka. Nilidhani anamuuliza mtu mwingine. Akauliza tena, kwa sauti kali, na kabla sijamaliza kugeuka alikuwa ameshapiga nduru. "Si wake! Anaiba mtoto!"

Sijui watu walitoka wapi. Barabara ambayo sekunde chache nyuma ilikuwa na watu wachache, kila mmoja na shughuli zake, ilijaa. Nilijaribu kusema nampeleka msikitini. Mwanamume mmoja akacheka, akasema, "Mkristo anapeleka mtoto msikitini? Mathe, hata kudanganya hujui." Wengine wakacheka naye, na kicheko hicho kilinitisha kuliko makelele. Mtu alinipokonya kitambaa kichwani. Mwingine alinishika mkono kwa nyuma. Mtoto alikuwa amening'ang'ania shingoni analia kwa nguvu mpya, na kila alivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kusogea.

"Mtoto analia hivyo kwa mama yake?"

"Muulizeni anaitwa nani."

"Anaitwa nani huyo mtoto?"

Sikujua. Nikasema sijui, nimemwokota hapo mtaroni. Nikatafuta kwa macho yule muuza miwa anitolee ushahidi, nikamwona anasukuma mkokoteni wake kwenda zake, hakugeuka hata mara moja. Simlaumu sana. Siku nyingine namlaumu.

Niliogopa. Watu kanisani wakisimulia mambo kama haya husema waliliita jina la Yesu, wakapata amani ya ajabu. Mimi nilijaribu, jina halikuja. Kilichokuja ni kwamba asubuhi nilikuwa nimeloweka sare ya pili ya shule ya binti yangu kwenye beseni na isipoanikwa leo kesho hana nguo ya kuvaa. Nilifikiria sare. Kisha kijana mmoja mwenye jaketi la bodaboda akainama, akainuka na jiwe, akalipima mkononi, na mtu nyuma yake akasema petroli si mbali. Hapo mkojo ukanitoka, kidogo, ukateremka mguuni. Nimewahi kuona masalio ya mtu aliyechomwa, asubuhi, nikienda kazini. Najua lami inavyobaki.

Mama wa mtoto alikuja wakati huo. Msichana tu, hata miaka ishirini na mitano hana, povu la sabuni bado kwenye mikono mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anafua kwa watu mahali pa karibu, mtoto akamponyoka. Watu wakampisha. Alimnyakua mtoto kwangu kwa nguvu mpaka kucha za mtoto zikanikwaruza shingo. Akamkagua kichwa, mikono, tumbo, akamkumbatia, akaanza kulia.

Yule aliyenishika mkono akamuuliza, "Unamjua huyu mama?"

Alinitazama. Nilimtazama nikimwomba kwa macho, sijui nilikuwa namwomba nini, labda aseme tu kwamba mtoto ni mzima.

"Simjui," akasema.

Akaondoka na mtoto wake, karibu akimbie. Alisema kweli. Hakunijua. Mpaka leo sijapata kosa katika neno lake, na ndilo neno lililokaribia kunimaliza, kwa sababu alipoondoka duara lilijifunga na sasa hapakuwa na mtoto mikononi mwangu wa kuwafanya wasite. Kofi la kwanza lilinipata sikioni.

Hapo ndipo mwanamke mnene aliyevaa aproni ya buluu alipopita katikati ya watu kwa mabega, kisu cha mboga mkononi. Nilidhani amekuja kunichoma. Nikafunga macho.

"Wifi," akasema. "Wewe wifi, si nilikwambia usitoke kibandani?"

Nikafungua macho. Alikuwa ananitazama mimi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekasirika hasa, wa mtu wa nyumbani kwako unayemchosha. Akanishika mkono ule ambao haukuwa umeshikwa na kuanza kunigombeza. Eti nimemwacha na wateja, nimeenda kuzurura, sijui hata njia, jana tu nimeshuka kutoka ushago, kijijini, na leo najifanya naokota watoto wa watu. Kaka yake ataambiwa nini. Aligomba bila kupumua. Watu wakarudi nyuma hatua moja. Kugombezwa na wifi ni jambo wanalolijua.

"Huyu ni wifi yako?" akauliza kijana mwenye jiwe.

"Kwani unaona ni nani?"

"Anaitwa nani?"

Akataja jina. Si jina langu, wala halifanani nalo. Akanigeukia. "Ama umesahau hata jina lako kwa woga?"

Mimi huwafundisha watoto wa shule ya Jumapili amri kumi kwa vidole vya mikono yote miwili. Ile ya tisa, usishuhudie uongo, huwa wanaisahau, na huwa nawarudisha mpaka waiseme. Nikaitika. Nikasema ndiyo, ndilo jina langu. Sauti ilitoka vizuri, kwa urahisi ulionishangaza.

"Mbona sisi hatujawahi kumwona?" mwanamke mmoja akauliza.

"Utamwonaje na amekuja jana? Kujeni hapa kama mnataka kununua. Kama hamtaki, mnanizibia kibanda."

Alinivuta. Yule wa nyuma akaniachia, shingo upande. Kibanda chake kilikuwa hatua chache tu kutoka pale, meza ya mbao na mabati juu, nyanya zimepangwa mafungu, vitunguu, hoho, na sukuma wiki mafurushi mawili makubwa. Akanikalisha kwenye jeri ya maji iliyopinduliwa. Akanitupia mapajani gunia safi, juu yake majani ya sukuma, kisha akanipa kile kisu. "Maliza hizi. Watu wanangoja."

Watu walikuwa wanangoja kweli, lakini si mboga. Walikuwa wamesimama nusu duara, watu ishirini au zaidi, wakinitazama kama nitakosea. Ndipo nikaelewa mpango wake. Mwizi wa watoto anaweza kuvaa kitambaa, anaweza kubeba biskuti, anaweza hata kuitikia jina. Lakini kukata sukuma kibandani, bila ubao, majani yamekunjwa kwenye kiganja cha kushoto na kisu kinakuja kuelekea kidole gumba, nyembamba kama uzi, hiyo haiwezi kuigizwa na mtu ambaye hajawahi. Mkono unajulikana.

Nikaondoa vishina. Nikapanga majani saba, nikayakunja, nikayabana. Mkato wa kwanza ukapita kwenye kidole gumba. Damu ikatoka. Nikaifunika kwa jani na kuendelea. Mkato wa pili ulitoka mnene. Mtu akaguna. Wa tatu ukakaa sawa, na baada ya hapo mikono ikaanza kwenda yenyewe, maana imefanya kazi hiyo tangu nikiwa msichana, haikuhitaji niwe na ujasiri. Mboga ikaanza kujaa kwenye beseni. Sikuinua macho. Nilikuwa naona miguu tu: ndara, raba, gumbuti. Nilihesabu miguu. Ilipungua polepole mno.

Jozi moja ya raba nyeusi ilisogea mpaka mezani. Mkono ukashuka, ukaweka jiwe chini kando ya mguu wa meza, taratibu, kama mtu anavyoweka mzigo wake ili atoe pesa mfukoni.

"Niwekee sukuma ya ishirini," akasema. "Na nyanya mbili."

Nikamfungia. Wifi yangu alikuwa anahudumia mtu mwingine, au alijifanya, kwa hiyo ilibidi nimpe kwa mkono wangu. Vidole vyetu viligusana chini ya karatasi. Alisema asante, mathe. Alikuwa na sauti ya kawaida kabisa. Sauti hiyo ndiyo niliyoisikia kwa miezi mingi baadaye, nikiwa nafua, nikiwa kanisani, sauti ya kijana mwenye adabu anayenunua mboga ya jioni.

Nilikata sukuma karibu saa mbili nzima. Niliwauzia watu wengi waliokuwa kwenye duara lile. Mmoja akanisifu kwamba nakata vizuri kuliko wifi. Yule mwanamke hakusema nami neno jingine, ila kunielekeza: ongeza hapa, funga ile. Watu walipokuwa wamebaki wanunuzi tu, alinivua leso yangu iliyolowa, akanifunga yake ya maua ya njano, kitambaa changu akakiacha huko kilikotupwa. Alinisindikiza mpaka barabara kubwa. Nilitaka kumshukuru, akanikatiza. "Enda. Usisimame njiani na usiongee na mtu."

Nikaenda. Kutoka pale mpaka Kibera niliona watoto njia nzima. Sijui kama walikuwa wengi kuliko siku nyingine. Kila nilipomwona mtoto nilivuka ng'ambo.

Mume wangu, fundi mwashi, mtu wa maneno machache, alinisikiliza mpaka mwisho akasema nisiende tena Kawangware. Sikubishana, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Kanisani mchungaji alitaka nitoe ushuhuda. Nikakataa. Ningesimama niseme nini? Kwamba Mungu aliniokoa kwa uongo wa mwanamke nisiyemjua, na nikaupokea kwa mikono miwili? Mchungaji angepanda jukwaani baada yangu kuulainisha uongo huo, watu waseme amina. Sikutaka ulainishwe.

Lakini kilichonisumbua zaidi hakikuwa hicho. Darasa langu la Jumapili lina watoto wadogo, na wadogo hushikwa mkono kupelekwa chooni. Nikaanza kumwomba mwenzangu awapeleke. Mtoto akija kunikumbatia nilikuwa nainua mikono juu, watu waione. Zamu za kufua nikazikatalia, nikasema mgongo. Mgongo wangu ni mzima. Nilikuwa nafunga mlango na kukaa ndani mchana kutwa, baadaye na binti yangu akitoka shule, nikimwambia Mungu kwamba kile kidogo nilichokuwa nakiweza ameniondolea, sasa nimpe nini.

Kisha siku moja Soko la Toi, kwenye mitumba, nilikuwa natafuta sweta. Mtoto wa kiume, miaka minne labda, amesimama kati ya marundo ya nguo analia, anaita mama. Nilimwona vizuri. Alinitazama, akaninyooshea mkono. Toi ni kwetu. Hapo ningembeba mpaka penye spika na kila mtu angenipisha. Nilijua hivyo. Nikarudisha sweta nililoshika, nikageuka, nikapita.

Nilifika nyumbani nikiwa na hasira kali mno na nafsi yangu hata nikashindwa kukaa. Sijui yule mtoto alichukuliwa na nani. Ninaamini mama yake alimpata. Ninaamini kwa sababu nisipoamini sitalala.

Jumanne iliyofuata nikamwambia mume wangu naenda sokoni, nikaenda Kawangware. Nilikuwa nimeifua ile leso ya njano na kuipiga pasi, nimenunua unga kilo mbili na sukari kilo moja. Nilitaka kumwona yule mwanamke. Nilijiambia, mtu huyu hakunijua na alipita katikati ya mawe kwa ajili yangu, nikimtazama usoni huenda nikajifunza alipata wapi nguvu hiyo, nirudi nayo nyumbani. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yangu. Nilipofika pale bodaboda zinapogeuzia nilishika ukuta kwanza, kisha nikaendelea.

Alikuwepo, anapanga nyanya. Aliponiona alisimama wima. Hakutabasamu.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudisha leso, wifi." Nilitaka kutania kidogo. Hakucheka.

Nikaweka mfuko mezani, nikaanza hotuba niliyokuwa nimeipanga tangu Kibera, kwamba nimekuwa nikimwombea kila siku, kwamba sikuwahi kuona wema kama ule, kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemtuma. Akawa anatikisa kichwa. Nikadhani ni unyenyekevu, nikaongeza.

"Nyamaza, mama," akasema. "Tafadhali nyamaza."

Alikaa kwenye ile jeri. Alichukua kisu akaanza kukata sukuma, pengine mikono yake ipate mahali pa kwenda, na aliongea akiwa ameitazama mboga.

"Yule aliyepiga nduru ya kwanza ni mimi."

Sikuelewa. Nikamuuliza nduru gani.

"Nilikuona kutoka hapa. Nikaona kitambaa. Nikaona umempa biskuti. Nina mjukuu wa umri ule, na ile sauti ya kwenye simu nilikuwa nimeisikiliza asubuhi hiyo hiyo. Nikakufuata, nikakuuliza kama mtoto ni wako, hukujibu. Nikapiga nduru, na watu walipojaa nikarudi nyuma, hakuna aliyejua ni nani aliyeanza." Kisu kikasimama. "Nilidhani watakushika tu. Watakupeleka kwa chifu. Nilipomwona yule kijana ameinama kuchukua jiwe ndipo nikajua nimefanya nini. Na yule msichana aliposema hakujui, nikasema basi, leo mimi nimeua mtu."

Mteja akaja, akataka vitunguu. Akampa, akapokea, akamrudishia chenji. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Woga ulinirudia wote, kuanzia miguuni, kama siku ile, kwa kuwa sasa niliitambua sauti. Mama, huyo mtoto ni wako? Nilikuwa nimeisikia mara mia kichwani bila uso. Sasa ilikuwa na uso, na aproni ya buluu, na kisu, na mimi nilikuwa peke yangu mtaa usio wangu. Nikapiga hatua moja nyuma. Aliiona hatua hiyo. Akaweka kisu mezani, mbali na mkono wake.

"Ungenyamaza," nikamwambia. "Nisingejua kamwe."

"Ungekuwa unakuja kunishukuru," akasema. "Kila mara, na unga. Ningekufa."

Alianza kulia bila sauti, akijipangusa kwa upindo wa aproni. Alisema tangu siku ile mtoto akilia barabarani yeye hainui kichwa. Alisema kanisa aliliacha zamani, na sasa hata akitaka kurudi hajui ataingilia mlango gani. Kisha akausukuma ule mfuko wangu mpaka ukingoni mwa meza.

"Chukua vitu vyako. Sistahili."

Nilitaka kuchukua. Nitasema ukweli, mkono wangu ulienda mpaka kwenye mfuko na ukaushika. Nilitaka unga wangu, nilitaka sukari yangu, nilitaka kufika Kibera na kufunga mlango na kumchukia mtu huyu kwa raha yangu yote. Nilisimama hivyo, nimeshika mfuko, na yeye ananitazama kama mtu anayengoja hukumu. Alikuwa anaogopa. Mimi nilikuwa naogopa. Sijawahi kusimama karibu na mtu tukiwa tunaogopana kiasi kile.

Nikauachilia mfuko. Nikausogeza upande wake wa meza.

"Weka," nikasema. "Mjukuu atakunywa uji."

Alingoja niseme lile neno jingine. Niliona anavyolingoja. Sikumwambia nimemsamehe, kwa kuwa sikuwa nimemsamehe, na sisi wawili tulikuwa tumeshadanganya vya kutosha mahali pale. Nikamwambia nitarudi Jumanne ijayo. Hilo lilikuwa kweli.